Msalaba wa Kuanzia Kulia

Kanazi nzima ilimjua Febronia kwa upole. Akimkuta mtoto wa jirani juu ya mpera wake, alisimama chini akamwambia ashuke taratibu asije akaumia, kisha akampa na mapera ya kula njiani. Kuku wa watu wakifukua maharage yake, aliwaswaga kwa upindo wa nguo, si kwa jiwe. Marehemu mumewe, Gaspari, alipenda kusema kwamba nyumba yao ikiungua, Febronia atakwenda kwa jirani, abishe hodi, aulize hali za watoto, ndipo aombe maji.

Kwa hiyo asubuhi ile, watu waliokuwa mashambani waliposikia sauti ya mwanamke ikipasua migomba kwa Protasi, walisimamisha majembe wakaulizana ni nani. Hakuna aliyemtaja Febronia.

"Protasi! Toka nje! Toka nikuone huo uso unaosali nao!"

Protasi alikuwa mdogo wake Gaspari, na kwa hiyo shemeji yake. Alikuwa pia mwalimu wa dini wa Kanazi, mtu wa shati jeupe na rozari mkononi, aliyewafundisha katekisimu watoto wa kilima kile tangu yeye mwenyewe hajaota ndevu. Alitoka akiwa ameshika kipande cha muhogo alichokuwa akikila.

"Shemeji, shikamoo."

"Usiniamkie! Ulimwambia nini yule Bwana wa Wakimbizi?"

Habari alikuwa amezipata muda mfupi uliopita kwa Biubwa, mke wa Salum mwenye duka Biharamulo. Hao walikuwa Waislamu wa asili ya pwani, babu zao walikuja bara na misafara wakabaki. Kila mavuno Biubwa alipanda na lori la mumewe kuja kununua maharage Kanazi, na kila mara alimletea Febronia kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akisema kimedondoka chenyewe kutoka kwenye boksi. Siku hiyo hakuleta sabuni wala utani. Alishuka lorini, akaamkia, akauliza moja kwa moja, "Mama, wale Wazungu wako wapo?"

"Wapo. Kwani kuna nini?"

"Watachukuliwa. Salum amesikia bomani kwa mkalimani. Wanasema hawa si Wapolandi kama walivyoandikishwa, ni watu wa Urusi, na vita imekwisha, kwa hiyo warudi Urusi. Bwana wa Wakimbizi, yule ofisa wa Serikali, anakuja Jumapili na gari. Na aliyewatia shaka, mama, usinikasirikie mimi, ni mtu wa kwenu. Ni mwalimu wenu wa kanisa."

"Wazungu wako" ulikuwa utani wa kilima kizima. Walikuwa watatu: Paraska, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya kazi; mama mkwe wake Yustina, kizee asiye na meno ya mbele; na Melania, mtoto wa Paraska, aliyekwisha sahau kwamba kuna watoto wasiokula ndizi. Waliletwa Tanganyika pamoja na maelfu ya wakimbizi wa Polandi wakati wa vita ya Hitla, wakawekwa kambini upande wa Arusha. Huko kambini Wapolandi wakawanunia, kwa kuwa wao walikuwa Waukraina, watu wa lugha nyingine. Padri mmoja mzee wa misheni ya Ngara, aliyepita kambini akaona wanavyotengwa, aliwaombea ruhusa, akawaleta ili Paraska awe mshonaji wa misheni. Nyumba hawakuwa nayo. Febronia alikuwa nayo moja, ya mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Uganda asirudi. Akaifagia, akawasha moto ndani, akawaonyesha mlango.

Padri yule mzee alikufa msimu wa mvua. Tangu hapo hakuna aliyejua vizuri wageni wale ni wa nani.

Febronia yeye alijua. Alijua kwa mambo madogo. Siku ya kwanza aliwapa sahani ya viazi, akaona Paraska anampa mama mkwe wake vile vikubwa, anampa mtoto vile vya kati, halafu anajifanya hapendi viazi. Alijua kwamba kila asubuhi alikuta kizibo cha mtungi wake kimelowa, maana yake kuna mtu amekwisha kwenda kisimani kabla yake. Na alijua kwamba kizee Yustina, ambaye hakuwa na lugha hata moja ya pamoja naye, alikaa naye barazani jioni akichambua mawe kwenye maharage ya Febronia bila kuombwa, huku akimgonga mkono kila alipopata jiwe kubwa, kana kwamba wamevua samaki.

Hadithi yao aliipata vipande vipande, kwa Kiswahili cha Paraska kilichokuwa kinachechemea. Kijiji chao hakikuwahi kuhama. Alipozaliwa Yustina kilikuwa cha mfalme mmoja, alipoolewa Paraska kilikuwa cha Polandi, na usiku mmoja askari wa Urusi wakaja wakasema sasa ni chao. Wakamchukua mume wa Paraska, asionekane tena. Wanawake na watoto wakatiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe wakapelekwa kukata miti kwenye theluji, na watoto wakubwa wawili wa Paraska wakazikwa huko huko. Febronia hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Yeye alizaliwa Mjerumani akiwa ndiye bwana, akaolewa chini ya Mbelgiji, akazaa chini ya Mwingereza, na muda wote huo mlango wa kwao ulitazama kilima kilekile. Hakuna mkubwa aliyewahi kuja kumuuliza mtu wa Kanazi yeye ni wa nchi gani. Waliambiwa tu.

Basi ndiye huyo aliyesimama uani kwa Protasi akifoka.

"Aliniuliza swali nikajibu," Protasi alisema. "Alipita misheni, akaniuliza, hawa ni wa dini yenu? Nikasema wanasali nasi, ila ishara ya msalaba wanaifanya kinyume. Sisi tunaanzia bega la kushoto, wao wanaanzia la kulia, na vidole wanavikusanya hivi, kama mtu anayeonja chumvi. Si uongo, shemeji. Wewe mwenyewe unaona."

"Naona. Naona pia kwamba una tundu kwenye suruali, lakini sijaenda bomani kulisema!"

Nyuma ya migomba mtu akacheka. Protasi akajipapasa suruali.

"Nilidhani atawaleta darasani," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani atamwambia Padri wafundishwe vizuri."

Na kweli ndivyo alivyodhani. Kwa Protasi, Mzungu yeyote aliyeuliza habari za sala alikuwa mkaguzi wa katekisimu, na mkaguzi hujibiwa yote, na tena haraka. Hakujua kwamba Bwana yule hakujali bega lolote kwa ajili ya Mungu. Alikuwa anatafuta alama ya kumtenganisha Mpolandi na asiye Mpolandi, na Protasi akampa kwa mikono miwili.

"Unajua huko Urusi wanakwenda kufanywa nini?" Febronia aliuliza. "Watarudi kwenye theluji ile ile. Yule kizee hatafika. Mtoto, Mungu anajua. Na Paraska ameniambia Baba Mtakatifu wao ni huyu huyu wetu wa Roma. Wewe uliyesoma vitabu, ulimuuliza hata mara moja?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza! Warundi walipovuka mto kukimbia njaa, tuliwaweka migombani kwetu. Nani aliwauliza wananawa kwa mkono gani? Wewe Protasi ulipofiwa na mama, nilikubeba mgongoni mwangu mimi. Nilikuuliza msalaba?"

Muhogo wa Protasi ulikuwa umemdondoka, kuku wanaugombania.

"Nenda kwa Padri. Kamwambie umekosea."

Alikwenda, hilo hakulikataa. Alirudi jua likiwa linateremka, vumbi hadi magotini. Padri mpya, kijana mwenye miwani aliyekuwa akiogopa boma kuliko alivyomwogopa askofu, alikuwa amemsikiliza kisha akamwambia kwamba jambo hili limekwisha kuwa la Serikali. Tena ni yeye Padri aliyemshauri Bwana aje Jumapili kanisani, asimame mlangoni, aone kwa macho yake. Kama wanafanya ishara kama Wakatoliki wa Polandi, vyema. Kama hapana, basi.

"Basi nini?" Febronia aliuliza.

"Alisema basi tu."

Febronia alitema mate chini. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

Njia iliyokuwa rahisi, ya wageni kuanzia bega la kushoto siku hiyo moja, ilionekana na kila mtu, na yeye ndiye aliyeibeba. Jioni alikwenda kwenye nyumba ya mwanawe, akawakuta wamekaa motoni, akamweleza Paraska yote. Paraska alisikiliza akiwa ameshika sindano hewani. Alipomaliza, akaichomeka sindano kwenye kitambaa polepole.

"Mimi naweza," alisema. "Kushoto, kulia, mimi naweza. Melania anaweza, kwa Mwalimu Protasi amejifunza tayari."

"Na mama?"

Paraska akamgeukia mama mkwe wake, akaongea naye kwa lugha yao. Kizee kilisikiliza. Kisha kikainuka kutoka kwenye kigoda, kikasimama mbele ya Febronia, kikakusanya vidole vyake vitatu, kikagusa paji, kikagusa kifua, kikagusa bega la kulia, kikamaliza kwa la kushoto. Taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Kikasema maneno machache.

"Mama anasema," Paraska alitafsiri, macho yake yakiwa motoni, "nyumba wamechukua. Ng'ombe wamechukua. Mtoto wangu wamechukua. Wajukuu wangu nimewaaga kule kwenye theluji kwa mkono huu, padri hakuwapo, ni mkono huu tu. Sasa anauliza. Mama Febronia, wewe unautaka na mkono?"

Febronia alitamani ardhi ipasuke. Alikishika kizee mabega akakikalisha, akasema, "Hapana. Hapana, dada. Mimi siutaki." Akatoka nje haraka kwa sababu hakutaka waone alivyokasirika, na safari hii alijikasirikia yeye mwenyewe. Bwana mmoja na Padri mmoja walikuwa wamemfanya yeye, mwanamke mzima, aende kwa mwenzake kumwomba akane makaburi yake.

Alisimama migombani mpaka pumzi iliporudi. Halafu akasema kwa sauti, peke yake, "Kama yeye hawezi kugeuka, basi tutageuka sisi."

Kesho yake wanawake walikusanyika uani kwake kupiga maharage, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Maganda makavu yalitandazwa juu ya mkeka, wakazunguka na fimbo zao. Febronia aliwaambia wakati fimbo zinashuka.

Domisiana, jirani yake wa chini, aliacha kupiga. "Unataka kilima kizima tufanye msalaba kinyume? Mbele ya Padri?"

"Mbele ya Padri na mbele ya Bwana."

"Si dhambi hiyo?"

"Msalaba una mikono miwili," Bonifasia alidakia. Huyu alikuwa mjane mwenzake Febronia na mdomo wake ulikuwa haujui kufungwa. "Uanzie huku, uanzie kule, si unaishia mtini pale pale? Mimi mume wangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Alifanya kila kitu kinyume na nilizaa watoto saba."

Vicheko vikaruka kama maharage.

"Mimi mkono wangu umezoea," Domisiana alilalamika. "Utakwenda kushoto wenyewe, kama ng'ombe aendaye kunywa maji."

"Basi mswage," Bonifasia akasema. "Haya, weka fimbo chini. Paji. Kifua. Huku! Huku, wewe mwanamke, kulia ni mkono unaolia!"

"Mimi nalia kwa mikono yote miwili."

Walijifunza hivyo, fimbo chini, fimbo juu, wakicheka mpaka wakafuta machozi, isipokuwa Febronia. Yeye hakucheka. Kila alipopeleka mkono kulia alihisi kama anapiga mlango wa mtu. Walipomaliza, Domisiana akauliza kama Protasi ataambiwa.

"Asiambiwe. Akiambiwa ataungama kabla ya kutenda."

Jumapili kanisa la Kanazi lilijaa. Lilikuwa la miti na udongo, paa la nyasi, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Gari la Serikali lilisimama chini ya kilima na Bwana wa Wakimbizi akapanda kwa miguu, soksi ndefu, kofia kwapani. Akasimama mlangoni kama alivyoahidi. Padri alikuwa kwenye meza ya altare akijipanga, hatazami upande wowote.

Paraska, Yustina na Melania walikaa benchi la mbele. Febronia alikuwa nyuma yao. Aliona shingo ya Paraska, jinsi mishipa ilivyosimama.

Ilikuwa desturi Protasi aongoze sala za watu kabla ya misa. Alisimama mbele, akageukia watu, akainua mkono. Shati lake lilikuwa limefuliwa likanyooshwa, lakini uso ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Kwa jina la Baba," akaanza.

Mikono yote ikagusa paji.

"Na la Mwana."

Ikashuka kifuani.

"Na la Roho Mtakatifu."

Na hapo mkono wa Protasi ukaenda kushoto peke yake. Upande wote wa wanawake ukaenda kulia. Kwa wanaume, walioambiwa na wake zao walikwenda kulia, wasioambiwa walikwenda kushoto, na wengine walibaki na mkono katikati wakisubiri kuona mambo yatakavyokuwa. Domisiana alianzia kushoto, akasonya, akarudi kulia, na kiwiko chake kikampiga jirani. Benchi la mbele, kizee Yustina alifanya msalaba wake mpana wa siku zote. Alipogeuza kichwa akaona upande wote wa wanawake unafanya kama yeye, mkono wake ulibaki begani.

"Padri," Bwana alisema kutoka mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, hakikuwa na mazungumzo ndani yake. "Hii ni nini?"

Padri alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Sijui. Mwalimu! Hii ni nini?"

Protasi aliwatazama watu wake. Aliwafundisha wote, mmoja mmoja, akiwashika vidole. Alimtazama Bonifasia aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Akamtazama shemeji yake. Febronia hakumkonyeza, hakumwomba. Alimrudishia macho tu, macho makavu, na ndani yake alikuwa akisema, haya, mtu wa kweli, sema kweli yako sasa.

Kama angesema wananidhihaki, yote yangekwisha. Na ingekuwa kweli.

"Ni kosa langu, Padri," Protasi alisema.

"Kosa lako namna gani?"

"Nilipofundishwa mimi, nilikaa mkabala na mwalimu wangu. Nilifuata mkono wake kama mtu anayejitazama kwenye maji. Yeye akienda kushoto kwake, mimi nakwenda upande ule ule ninaouona. Nikawafundisha watu hivyo miaka yote. Mimi mwenyewe nilikuja kusahihishwa baadaye huko misheni, nikaona haya kuwaambia."

Alilisema bila kukwama, lakini Febronia aliona mikono yake imeivuta rozari mpaka uzi wake ukakaribia kukatika. Kila mtu mle kanisani alijua kwamba mtu huyu angeweza kukubali kuitwa mwizi wa mbuzi, lakini si kuitwa mwalimu asiyejua ishara ya msalaba.

"Lakini wewe," Bwana akasema, akimnyooshea kofia, "uliniambia hawa Wazungu wanafanya kinyume."

"Nilisema wanafanya tofauti na Padri, bwana. Nilikuwa najisifu kwamba mimi najua. Walijifunza kwangu. Hawa wako kwetu siku nyingi."

Uongo huo ulikuwa mwembamba, na Bwana hakuwa mpumbavu. Alipita katikati ya mabenchi, polepole, akawatazama wanawake nyuso zao. Alipofika kwa Febronia akasimama, labda kwa sababu wengine wote walikuwa wameangalia chini.

"Mama. Unadhani mimi ni mjinga?"

Febronia alisimama.

"Sikujui, bwana, kwa hiyo siwezi kusema. Najua hili moja. Mtu mzima anayetoka Biharamulo na gari, anapanda kilima, kuja kutazama bibi kizee anapeleka mkono bega gani, hapa kwetu tungemwuliza kama nyumbani hana kazi."

Mahali fulani upande wa wanaume mtu alikohoa kicheko. Padri alisema, "Mama Febronia!" Yeye hakumgeukia.

"Mnataka kujua hawa ni wa nchi gani? Niulizeni mimi. Huyu ananitekea maji. Huyu ananichambulia maharage. Huyu mtoto ana mahali pake kwenye moto wangu, akiondoka pataonekana. Kwenye nchi yao walichukuliwa mume, watoto na nyumba. Nyie mkawaleta huku mkasema wamepona. Sasa mnawarudisha kwa yule yule aliyewapora, kwa sababu ya bega! Kama mmeshindwa kuwalisha, semeni mmeshindwa. Kuwalisha tutawalisha sisi. Msimsingizie Mungu."

Bwana alikuwa na uso uliochomwa na jua, umechoka, na Febronia alidhani atamwita askari. Badala yake akavaa kofia yake, mle mle kanisani.

"Hapa hakuna ushahidi wa kitu," alimwambia Padri. "Ni vurugu tu. Watabaki kama walivyoandikishwa mpaka amri nyingine itoke. Na wewe, mama, wakitoka Kanazi bila ruhusa nitakuuliza wewe."

"Niulize," Febronia alisema, "ndipo utakuwa umeuliza anayejua."

Gari lilipoondoka chini ya kilima bila wale watatu, hakuna aliyepiga vigelegele. Misa ilisomwa haraka haraka. Baada ya misa Padri alimwita Protasi nje, watu wote wakiona, akamwambia amkabidhi ufunguo wa kanisa na kengele ya mkono. Mwalimu anayefundisha upotovu hawezi kuendelea. Protasi akautoa ufunguo mfukoni, akaichukua kengele pembeni ya mlango, akavifuta kwenye shati lake kwanza, akampa.

Febronia alivuka uwanja.

"Padri. Unajua kwamba alisema uongo ule kwa ajili ya hawa."

Padri alirekebisha miwani. "Mama, kama alisema uongo kanisani, ni vibaya zaidi. Kama alisema kweli, hafai kufundisha. Mimi nifanye nini?"

"Ungeweza kufanya nini wakati Bwana alipokuja kwako mara ya kwanza? Ungemwambia hawa ni wangu. Maneno matatu tu, Padri. Mwenzako aliyekufa angeyasema akiwa bado anatafuna."

Padri kijana akapanda baiskeli yake, kengele ya Protasi ikilia kila alipopita kwenye jiwe, mpaka akapotea nyuma ya mikaratusi.

Protasi alikuwa bado amesimama palepale, mikono ikining'inia, kama mtu aliyeshusha mzigo asijue afanye nini na mabega. Hakuwa amemtazama Febronia kutafuta shukrani, na hilo Febronia aliliona.

"Sijakusamehe, shemeji," alimwambia. "Usije ukadhani nimekusamehe. Haya yote ni mdomo wako ulioyaanzisha."

"Najua."

"Kula utakula kwangu. Twende."

Walikula uani, wote pamoja, maharage na ndizi. Yustina alimpa Protasi kigoda chake mwenyewe akakaa chini, na alipokataa akamsukuma begani mpaka akakaa. Kisha kizee kikamshika ule mkono uliokuwa umezoea kushika kengele, kikaukandakanda kimya kimya, kama mtu anayekanda mguu wa mtoto aliyeanguka. Protasi alikula kwa mkono mmoja, machozi yakimdondokea kwenye sahani, na hakuna aliyemtania, hata Bonifasia.

Paraska ndiye aliyeuliza, baada ya watu kuondoka.

"Mama, amri nyingine inakuja lini?"

Febronia alitaka kumjibu kitu kizuri, akakikosa. Mwaka kesho. Kesho asubuhi. Ofisini mwa mtu asiyewahi kuiona Kanazi, siku atakayoamka vibaya. Hasira ilimpanda tena, ileile, haijapungua hata kidogo, na akaelewa kwamba haitapungua, kwamba itabidi aishi nayo kama watu wanavyoishi na mgongo mbovu.

"Sijui, mwanangu. Wao wenyewe hawajui."

Paraska alitikisa kichwa. Akaangalia kiwanja kitupu mbele ya nyumba yao, ambacho tangu waje hakukipanda kitu isipokuwa mboga za kuvunwa upesi.

"Domisiana alitaka kunipa vichipukizi vya migomba," alisema. "Nilimwambia hapana. Nilisema, nani atakula?"

"Kavichukue."

"Leo Jumapili, mama."

"Basi kesho alfajiri. Nitakuja na jembe langu. Na tutachimba mashimo marefu, Paraska, marefu kweli. Anayetaka kuing'oa, naye atoke jasho."